Mluzi wa Shemeji Lesikar

Mama Aminieli alikuja asubuhi kuomba moto, akakaa mpaka kaa alilopewa likageuka majivu kwenye kigae chake. Alikuwa na neno. Watu wa kule chini mtoni, alisema, wanasema shemeji yangu Lesikar hakukanyagwa na gari la ng'ombe kwa bahati mbaya. Aliliita mwenyewe. Alimwona ng'ombe wa baba yake amefungwa nira ya Kaburu, akampigia mluzi atoke aje kwao, na ng'ombe akaja, na wenzake kumi na watano wakaja naye, na gari zima likaja nyuma yao.

"Mwarusha hawezi kupishana na ng'ombe bila kumwamkia," akasema, macho yake yakitafuta mlango wa chumba alimolala mgonjwa. "Safari hii ameitikiwa."

Nilicheka, polepole, kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya. Nilicheka kwa kuwa neno lile lilikuwa na kweli ndani yake, na sikutaka aione usoni kwangu. Nikamwekea kaa jingine kwenye kigae. Alipotoka nilimsikia Lesikar akijigeuza kitandani, vijiti alivyofungwa mguuni vikagonga ukuta. Alikuwa amesikia yote.

Lesikar ni mume wa dada yangu Ndeshi. Sisi ni Wameru wa Nkoaranga, watu wa migomba na kahawa, na huko ndiko nilikosoma shule ya misheni miaka minne kabla Gidion hajanioa na kunileta hapa Makumira. Lesikar ni Mwarusha wa upande wa machweo ya mlima, ambako mtoto hupewa ndama wa kuchunga kabla hajajua kufunga nguo yake vizuri. Dada alipoposwa, baba alinung'unika wiki nzima kwamba binti yake anakwenda kunywa maziwa mpaka asahau ladha ya ndizi. Lesikar alipokuja kuamkia alikula ndizi chungu kizima, akaomba tena, na baba mwenyewe akampakulia.

Huko kwao kila mchungaji ana mluzi wake wa kuitia ng'ombe kwenye magadi. Akishamwaga magadi chini ya kulambwa hupiga mluzi huo, na ng'ombe wake, hata wawe wametawanyika bondeni, huinua vichwa na kuja. Ng'ombe wa jirani hutega masikio tu, kisha huendelea na majani yao. Mluzi wa Lesikar ulianzia chini, ukapanda, ukakatika mara mbili karibu na mwisho, kama mtu anayezuia kicheko. Niliujua hata mimi. Mwanangu Bariki, akiwa na miezi mitatu, aliugeukia mluzi ule kabla hajaligeukia jina lake.

Lesikar alikuja Nduruma kuchunga ng'ombe wa maziwa wa Mdachi mmoja mwenye shamba. Kwa kuwa alizijua njia zote, Bwana akampa kazi ya barua, kwanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli. Halafu, reli ilipokuwa imekwisha kufika Moshi, ikaja kwa gari la moshi ile mashine, ndani ya sanduku la mbao. Watu wakaiita pikipiki kwa sauti yake. Bwana aliipanda siku nne. Siku ya tano aliangukia mferejini, kifundo cha mkono kikavimba kama boga, akasema kuanzia leo barua ni za Lesikar na mashine ni ya Lesikar.

Mashine ile huwashwa kwa kukimbia. Unaisukuma, unakimbia nayo, ikianza kukohoa unarukia juu. Ukiizima penye mlima unaanza upya, nayo ni nzito kama mtamba. Ndiyo maana Mzungu mwingine wa huko njia ya Moshi, aliyekuwa na mashine kama hiyo, hakuizima kwa lolote, na siku moja aliingia nayo katikati ya ng'ombe wa watu akaacha meno yake pale. Lesikar alizima. Kila kona, kila mahali ambapo macho hayafiki mbele, alizima, akashuka, akasukuma.

Alikuwa na maarifa yake kuhusu magari ya ng'ombe, na alipopita kwetu kunywa maji alituambia, mimi na Gidion, kama mtu anayesimulia tabia za wajomba zake. Mwenye gari hukaa nyuma kabisa, alisema. Toka pua ya ng'ombe wa kwanza mpaka kwenye mjeledi ni mwendo wa kutoka mlango huu hadi mgomba wa mwisho kule. Hata akiwa macho, akiona kitu amechelewa kukiona. Basi usimwangalie yeye. Waangalie wale wawili wa mbele, masikio yao. Masikio yakitazama mbele wamekusikia. Yakilegea, wanatembea huku wamelala, nawe uwe umesimama kando upande wa juu, usiwe kamwe kati ya gari na korongo. Na mwenye gari akiinua mkono kukuamkia usifurahi.

"Mkono unaamkia," alisema, "macho yamelala zamani."

Gidion, ambaye ni seremala wa misheni na ndiye aliyemchongea vibao vya kuzuia gurudumu, alimcheka. Akamwuliza imekuwaje Mwarusha aogope ng'ombe sasa akiwa juu ya chuma, na zamani alipita kati yao uchi na fimbo moja. Lesikar akajibu kwamba zamani ng'ombe walimjua kuwa ni mtu. Sasa wanaona kitu kinanguruma, kina moshi, kina macho ya miwani ya Bwana. Kwa hiyo, alisema, nikishazima huwapigia mluzi, wajue kwamba huyu anayekuja alizaliwa na mama.

Na mluzi aliowapigia ulikuwa ule ule wa magadi. Hakuwa na mwingine. Mwaka mzima ulimfaa. Ng'ombe wa Makaburu hawakuujua. Waliinua masikio, wakapunguza mwendo, akapita. Hakufikiri zaidi ya hapo, na sisi hatukufikiri.

Nyumba yetu iko juu ya kona. Barabara ya magari inatoka Usa, inapanda kidogo, inakuta jabali, inalizunguka, halafu inaendelea kuelekea Tengeru na Arusha. Anayetoka upande huu hamwoni anayetoka upande ule. Kiangazi vumbi linawaambia. Masika hakuna vumbi. Lakini mimi, nikisimama penye ua wa masale mbele ya nyumba, naona pande zote mbili, tena naona kutoka juu, mpaka ndani ya gari chini ya turubai. Kwa hiyo nimewajua wenye magari bila wao kunijua. Yupo anayeimba. Yupo anayeshona viatu njia nzima na hainui uso. Yupo mzee mmoja Kaburu anayesoma kitabu kikubwa, na kidole chake kinatembea pole kama ng'ombe wake. Na wengi hulala. Sikuwahi kumwambia mtu. Mtu akilala mchana nani atakwenda kumshtaki.

Jumatatu ile ya ajali Bariki alikuwa ametoka kwenye homa ya siku mbili. Alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha, na ndipo alipopata usingizi kifuani pangu, na mimi nikawa natembea naye penye masale, hatua tatu huku na hatua tatu huku, naogopa hata kukohoa. Gari likaja kutoka Usa. Lilikuwa la Kaburu wa ng'ambo ya mto, na mwenye mjeledi alikuwa Thomasi, mtu mweusi wa kusini aliyekuja na Makaburu walipohamia huku. Alikuwa amelala chali juu ya magunia, kofia usoni, mjeledi umening'inia nje unaburuta. Mbele hapakuwa na mtu wa kushika kamba.

Nikaisikia pikipiki upande wa Tengeru. Ikanyamaza. Nikajua amezima, kama desturi yake, anasukuma. Nikasema moyoni, basi, amezima. Ningeweza kupiga kelele. Angenisikia, na Thomasi labda angeamka. Nilimtazama mtoto, nikafunga mdomo.

Lesikar akapiga mluzi kabla hajalimaliza jabali.

Ng'ombe wa mbele wa kushoto alikuwa na mabaka mekundu na meupe. Alisimama. Hakuwa kama ng'ombe aliyeshtuka, nimeona walioshtuka. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. Akainua kichwa, akageuka kukata kona kwa ndani, kule uliko mluzi, akamvuta mwenzake, na hao wawili wakawavuta waliofuata, na kumi na sita wote wakageuka mbio mbio kwa furaha ya mmoja. Lesikar alikuwa upande wa juu, mahali pake pa salama, mgongo kwenye jabali. Ndiko walikomfuata. Gari likapanda ukingoni, likalala ubavu. Gurudumu moja lilikunja mashine na mguu wake pamoja.

Bariki hakuamka.

Wanaume waliokuwa shambani walimtoa wakamleta kwangu, maana ndiyo nyumba iliyokuwa karibu, na Ndeshi akaja jioni kutoka Nduruma na mimba yake ya miezi sita. Aliitwa mzee anayeunga mifupa. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika mahali pamoja, chini ya goti, na mzee alisema ni mvunjiko wenye adabu. Akaufunga vijiti, akatukataza tusimruhusu kukanyaga chini mpaka atakaposema yeye.

Ng'ombe yule wa mabaka alivunjika mguu wa mbele, na yeye hakufungwa vijiti. Alichinjwa pale pale barabarani. Kaburu alichukua ngozi na mapaja, nyama nyingine akawaachia watu walioinua gari, na Mama Aminieli alipata maini. Siku ya pili Ndeshi alipika mchuzi wa mifupa, kama wanavyopikiwa waliovunjika, akampelekea mumewe bakuli. Lesikar alikunywa mkupuo mmoja. Akauliza mchuzi huu ni wa wapi. Dada yangu akashughulika na shuka. Lesikar akaliweka bakuli chini ya kitanda bila kumwaga tone, akasema atakunywa maziwa. Tangu siku hiyo alikunywa maziwa tu.

Mimi ndiye niliyeambiwa na mgonjwa mwenyewe, siku nyingi baadaye, Ndeshi alipokwenda mtoni. Ng'ombe yule aliitwa Sambu. Lesikar alimlea toka ndama, mama yake alipokufa kwa ugonjwa, akamnywesha kwa kidole kilichochovywa kwenye maziwa. Baba yake Lesikar alimwuza kwa Makaburu mwaka wa ukame, na mwanawe hakujua ameishia nira gani. "Nilimwona anakuja," alisema. "Nikafurahi, shemeji. Gari lilikuwa nyuma yake na mimi nikafurahi kwanza."

Basi hiyo ndiyo kweli iliyokuwa ndani ya neno la Mama Aminieli.

Kukaa na Lesikar ndani ya nyumba moja ilikuwa kama kukaa na nyuki kwenye mzinga usio na tundu. Mwili ulikuwa umelala, masikio hayakulala. Barabara iko chini yetu, na kila gari lililopita alilisikia kabla yetu. Alianza kuyasoma. Hili limepakia mbao. Hili ni tupu. Huyu yuko macho, sikia mjeledi. Halafu ananyamaza, vidole vyake vinashika ukingo wa kitanda. Gurudumu linakwaruza ukuta wa barabara, linaacha, linakwaruza tena. "Huyu amelala," anasema. Anangoja mpaka gari limalize kona, ndipo anapumua. Nilijikuta na mimi nangoja. Nilianza kuungua vidole jikoni. Ndeshi alikuwa akisimama katikati ya kazi, mkono tumboni, kama vile yuko mtu chini kule pembeni mwa jabali anayesukuma mashine, na hali mtu mwenyewe tulikuwa naye kitandani.

Dada alitaka aiache kazi ile. Hakugombana, alisema maneno yale yale kila siku, asubuhi akimnawisha. Mtoto huyu ana baba mmoja. Na Lesikar alimjibu yale yale. Asiye na barua ya bwana anaokotwa njiani apelekwe kubeba mizigo au kuvunja mawe ya barabara, na wangapi wamerudi. Barua ya Nduruma ndiyo inayomfanya apite mbele ya askari wa boma bila kuvua kofia. Hilo lilikuwa kweli. Lakini niliona pia jinsi alivyomtuma Gidion aende Nduruma akaitazame mashine, na Gidion aliporudi akasema fundi wa chuma ameinyoosha, inawaka, Lesikar aligeuza uso ukutani ili mkewe asimwone.

Wiki ya tano akaja Thomasi. Alisimama nje akapiga hodi kwa sauti ya chini, kofia mkononi, na asali kwenye kibuyu. Ni mtu mrefu mwenye mvi kidogo. Nilimpa kigoda. Yeye na Lesikar walitazamana kama watu wawili waliokutana msalani. Thomasi alisema amekuja kumwona. Akasema, "Nililala."

"Nami nilipiga mluzi," Lesikar akasema.

Thomasi alieleza kwamba walimwita boma kuulizwa. Alisema ng'ombe walishtushwa na ngurumo ya mashine. Hakutaja mluzi, maana mluzi ungemtia Lesikar mnyororo wa shingo, mwizi wa ng'ombe. Naye anaomba Lesikar asitaje usingizi, maana kwa usingizi Kaburu wake angemchapa viboko mbele ya watu. Lesikar alikubali. Kisha Lesikar akamwuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, ni wapi hasa hupenda kulala.

Thomasi aliona haya, akacheka. Alisema ni hapa hapa. Usiku kucha wanapita pori, simba wapo, hafumbi jicho. Alfajiri wanavuka mto Usa, maji yakiwa mengi ni kazi ya kupiga kelele na kusukuma. Wakishafika hapa Makumira barabara ni nzuri, ng'ombe wanaijua, na mwili unasema sasa. Wote ndivyo, alisema, siyo mimi peke yangu.

"Na safari ijayo?" Lesikar akauliza.

Thomasi alitazama ndani ya kofia yake. "Nitalala," akasema.

Lesikar alimshukuru kwa asali. Alipokwisha kwenda, Ndeshi alisema mtu yule hana aibu. Mume wake akasema hapana, yule ni mtu mwema sana, ameniambia kitu ambacho wengine wasingesema. Wala hakula asali ile mpaka jioni. Aliishika tu mikononi akiizungusha.

Miezi miwili ilipokwisha mzee wa mifupa alifungua vijiti, akamwambia akanyage. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Alianza kutembea kwa fimbo kutoka mlangoni hadi masale, na kurudi, na kwenda, mpaka majani yakaisha pale yakawa udongo. Siku ya Ijumaa Bwana aliituma mashine iletwe kwetu, na neno kwamba Jumatatu barua ziende Moshi. Ndeshi aliingia ndani akajilaza, akatazama ukuta.

Jumapili, tuliporudi kanisani, Lesikar aliisukuma uani, akaiwasha, akaizima. Akaiwasha tena. Kuku walikwisha kukimbia wote. Wakati ule gari likasikika kutoka Usa. Nilimwona amekunja midomo kupiga mluzi, akiwa hajui kama ameikunja. Haikutoka sauti. Akaifumba, akaipangusa kwa kiganja.

Nikajua kwamba kesho atakwenda bila kitu. Ule mluzi hataupiga tena, na mwingine hana, na kelele za mdomo ng'ombe wa magari wamezizoea kuwa ni za kuchapwa. Atafika penye jabali, atazima, atasimama, na hatajua upande wa pili kuna nini. Gidion alimwambia apige kopo. Akasema kopo litawashtua. Gidion akasema basi angoje. Akauliza angoje nini, mpaka lini, masika nzima?

Gidion alipoondoka kuangalia ng'ombe wetu mmoja, nilibaki naye uani. Bariki alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa ile nguo nyekundu ambayo Lesikar mwenyewe aliikata kwenye lubega yake alipozaliwa, akisema mtoto wa Kimeru lazima awe na kitu kimoja kizuri. Maneno yalikuwa yamenikaa miezi miwili. Sikuyapanga.

"Shemeji," nikasema, "siku ile nilimwona Thomasi amelala."

Aliinamia mashine.

"Nilikuwa nimesimama hapa. Nilikusikia umezima. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa ndio kwanza amelala. Sikutaka aamke."

Nilingoja aniseme. Kwetu mtu akisemwa hupata nafuu. Yeye aliniuliza kitu kimoja tu, nilimwonaje Thomasi. Nikamwambia, kwa macho, kutoka hapa. Akaja akasimama nilipokuwa nimesimama. Gari lile la Usa lilikuwa linafika penye jabali, la yule mshona viatu. Lesikar alilitazama likipita chini yetu, turubai limefunguka nyuma, mtu ameinama juu ya kiatu chake, uzi unavutwa, na ng'ombe wanakwenda zao. Alilitazama mpaka likaisha upande wa Tengeru. Akaniuliza kama huwa naona pande zote mbili hivi siku zote. Nikasema siku zote, ila penye ukungu. Akaniuliza wangapi hulala. Nikawataja mmoja mmoja, na ambao hawalali, na yule mzee wa kitabu. Hakuwa amejua habari za kitabu. Alicheka kidogo, mara ya kwanza toka avunjike.

Kisha akachukua fimbo, akatelemka kwenye kijia. Nilimwambia mguu ule hautaki mteremko. Hakusikia. Nilimwona amefika barabarani, akaenda upande wa Tengeru, hatua kama mia, akageuka akatazama juu kwangu, mkono umekinga jua. Akasogea mbele, akatazama. Akazunguka jabali akichechemea, akaenda upande wa Usa, akafanya vile vile, mara ya kwanza karibu, mara ya pili mbali, mpaka akawa mdogo. Ndeshi alikuwa ametoka mlangoni, akaniuliza mumewe anafanya nini kule chini. Nikasema sijui. Nilidhani anapima niliweza kumwona vizuri kiasi gani, na kwamba akirudi atasema lile linalonistahili.

Alipanda taratibu, anapumzika kila hatua chache. Alifika na jasho kwenye midomo, mguu unatetemeka, akaegemea mashine. Hakunitazama mimi, alitazama mgongo wangu, pale Bariki alipokuwa ameanza kuhangaika ndani ya mbeleko yake.

"Nguo hiyo inaonekana hadi kule chini, pande zote mbili," akasema. "Jumatatu nikienda na Alhamisi nikirudi, ukiona gari linakuja na mwenyewe amelala, ianike hapa juu ya masale. Akiwa macho usiianike. Nami nitatazama kwako kwanza kabla sijatazama njia. Wala usipige kelele, shemeji. Utamwamsha mtoto."